Kuta za Lamu Zina Wenyewe

Husemwa kwamba nyumba za mawe za Lamu ni kazi ya wageni kutoka Uarabuni na Uajemi. Magofu ya Shanga, kisiwani Pate, yanakataa. Mwanaakiolojia Mark Horton alipochimba pale miaka ya 1980, chini ya msikiti wa mawe alikuta mabaki ya misikiti midogo ya miti, ya mwanzo ikiwa ya karne ya 8. Uliondoka mmoja ukasimama mwingine papo hapo, hadi zamu ya jiwe ikafika katika karne ya 10. Ufundi ulioshuka jahazini ukiwa tayari hauachi hatua kama hizo. Wageni walifika, wakaoa, wakaongeza yao, hilo silikatai. Lakini tumbawe huchongwa lingali bichi, kabla halijakauka likawa gumu, na wa kuuwahi wakati huo ni mtu anayeishi kando ya mwamba.

Husemwa pia kwamba saruji inaishinda chokaa. Si kwa kuta hizi. Ukuta wa matumbawe hunywa unyevu na kuutoa. Ukiukandika saruji, chumvi hunaswa ndani na plasta ikabanduka.

Dai linaloniuma zaidi ni kwamba waashi wetu hawajui umoja, ndiyo maana hawakuwa na chama. Kenya imewaona mafundi wakiungana: mwaka 1937 Labour Trade Union of Kenya, Makhan Singh akiwa katibu wake, iliongoza mgomo wa siku 62 Nairobi, mafundi wa ujenzi wakiwemo, na mishahara ikapanda. Kwa nini basi si Lamu? Tuulize kwanza nani alibeba mawe. Pwani hii utumwa ulikuwa halali mpaka 1907. Mtumwa hana ujira wa kudai, na fundi huru anayefanya kazi kando yake hupata tabu kudai wake. Anayewalaumu waashi kwa kukosa chama anaruka ukurasa huo wote.

Leo jiwe hukatwa Maweni, kisiwani Manda, huvushwa kwa chombo, kisha punda hulipandisha vichochoroni hadi kwa mwashi mwenye timazi na mwiko. Mkataji, baharia, mwenye punda, mwashi: wote wanaishi kwa jiwe lile lile. Atakayetaka kuanzisha chama Lamu aanzie kule machimboni, kwa yule wa kwanza kulipiga shoka.