Utulivu wa Unguja

Baadhi ya wasomaji wetu wauliza: jamaa watakao kupumzika Unguja pasipo makelele, washukie wapi? Twaona yafaa waitazame bahari kabla ya kuitazama nyumba. Huko Nungwi na Kendwa, upande wa kaskazini, maji yakipwa hayaendi mbali, na mtu aweza kuoga karibu saa zote. Kwa hiyo mahoteli yamesongamana, na muziki wa usiku haukosekani. Ama mashariki, huko Jambiani na Bwejuu, maji hupwa mbali sana, na wanawake wa mji hushuka kulima mwani. Huko utulivu ni mwingi zaidi, ila bei yake ni subira: aogaye hungoja maji yajae. Paje, iliyo jirani yao, imechangamka zaidi.

Basi hesabuni tarehe ya mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua. Baina yake huwa maji mafu, yasiyopwa mbali. Tena, kabla ya kutoa fedha, ulizeni waziwazi: jirani ni nani, na usiku hufanya nini? Akiba ya mwaka mzima haifai kununulia mkesha.