Mwigizaji aliyekataa kuuza majani mabichi

Wiki jana kijana mmoja jirani yangu hapa Litein alinijia nyumbani jioni na karatasi tatu zilizokunjwa mfukoni mwa koti. "Chamgei, mzee," akanisalimu, na kabla chai haijamiminwa vikombeni akazikunjua mezani. Ulikuwa mkataba. Kampuni moja ya matangazo, ambayo sina haja ya kuitaja, ilikuwa imependa sauti yake.

Kijana huyu anajulikana kuanzia Kapkatet hadi Sotik kwa kuigiza sauti za watu. Harusini atamwiga chifu, atamwiga mhubiri, kisha atamwiga mama mzee anayegombana na karani wa mizani aliyempunguzia kilo mbili za majani chai. Kwa huyo mama mzee hakuna asiyecheka. Miaka miwili iliyopita alirekodi tangazo moja la redio, akalipwa mara moja, tena pesa kidogo, na tangu siku hiyo tangazo limekuwa likisikika katika kila duka lenye redio. Mama yake hulisikia anaponunua sukari, na sukari yenyewe hulipa bei ile ile kama sisi wengine.

Mkataba huu mpya ulikuwa na fedha nzuri zaidi. Lakini kifungu cha kumi na moja kilisema kwamba kampuni itakuwa na haki ya kuitumia sauti yake kwa njia yoyote iliyopo au itakayobuniwa, bila kikomo cha muda, na pia kuitumia kutengeneza maneno mapya kwa mitambo. Yaani maneno ambayo yeye mwenyewe hajayatamka. "Mzee, nitie sahihi?" akaniuliza. Nikamwambia aniachie karatasi hizo, nizilalie.

Msomaji mpenzi, usiku ule nilimfikiria mtu ambaye sijapata kukutana naye, na ambaye hajui kama mimi nipo duniani. Huyo ni Abel Mutua.

Walio na watoto wa umri wa shule katika miaka ya 2000 watamkumbuka kama Freddie wa Tahidi High, mchezo wa wanafunzi uliokuwa ukionyeshwa na Citizen TV. Vijana walimpenda, wakamwita kwa jina la mchezo barabarani, na kwa waigizaji wengi wa nchi hii hadithi ingeishia hapo: sura inajulikana, mfuko mtupu, kisha mchezo unafungwa au mwigizaji anakuwa mkubwa mno kuvaa sare ya shule. Mutua alishika kalamu. Akawa mwandishi wa michezo ya televisheni, miongoni mwayo The Real Househelps of Kawangware na Sue na Jonnie. Pamoja na Phillip Karanja, mwenzake wa Tahidi High, akawa mmoja wa wenye kampuni ya kutengeneza filamu, Phil-It Productions, ambayo mwaka 2022 ilitoa filamu ya Click Click Bang.

Kisha akafanya jambo ambalo mimi, mtu wa zamani, nililidharau kwanza. Aliketi mbele ya kamera peke yake, bila pazia wala wenzake, akaanza kusimulia visa vya kweli katika YouTube. Humo chombo chake ni sauti tu. Anawasemea watu wote wa kisa: polisi, mwizi, mama wa mwizi. Lugha yake ni ya mchanganyiko wa mjini, na mimi nisiye na mapenzi na Sheng nilikunja uso dakika kumi za mwanzo. Dakika ya kumi na moja nilijikuta nimeisogeza simu karibu na sikio ili nisipitwe na neno. Sanaa ile ni ya bibi zetu kando ya moto, ila moto wenyewe umebadilika.

Hebu sasa tumweke kando ya mwingine aliyemtangulia. Miaka ya themanini nilikuwa karani katika shamba moja kubwa la chai upande wa Kericho. Ukumbi wa wafanyakazi ulikuwa na televisheni moja, imefungiwa ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli, na ufunguo alikuwa nao msimamizi. Jioni ya Vitimbi watu walijaa mpaka madirishani. Mkipsigis, Mkisii, Mjaluo, Mluhya, wote walimcheka Mzee Ojwang' Hatari akigombana na Mama Kayai. Mjaluo aliyekuwa akikaa nami chumba kimoja aliapa kwamba Ojwang' anatoka kijiji cha pili kutoka kwao. La hasha! Alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu, aliyeivaa lafudhi ya Kijaluo kama mtu avaavyo koti lililoshonwa kwa kipimo chake.

Wanjau aliliburudisha taifa kwa miongo mitatu na zaidi. Na alipougua macho uzeeni, Wakenya walilazimika kuchangishana fedha ili atibiwe. Alifariki Julai 2015. Siandiki haya kumlaumu yeyote. Naandika kwa sababu nilichanga hata mimi, na nilipokuwa nikituma zile shilingi mia mbili nilijiuliza: mtu aliyeijaza kumbi za mashamba yote haya kwa miaka mingi hivyo, imekuwaje awe anaombewa?

Jibu nadhani tunalo hapa hapa kwenye majani chai. Kibarua wa kuchuma hulipwa kwa kilo. Anachuma majani mawili na kichipukizi, kikapu kinajaa, kinapimwa, na hapo hesabu yake imekwisha. Mkulima mwenye miche yake na hisa zake katika kiwanda, kiwe cha Momul, Litein, Kapkoros au Mogogosiek, naye hulipwa kwa kilo kila mwezi, lakini majani yake yanaendelea kumfanyia kazi baada ya kumtoka mkononi. Yanakaushwa, yanasagwa, kilo nne na kitu za majani mabichi zinakuwa kilo moja ya chai, chai inapelekwa kwenye mnada wa Mombasa, na mwisho wa mwaka mkulima anangoja bonasi. Wakulima wa pande zetu wana malalamiko mengi kuhusu bonasi hiyo, nami ni mmoja wao, lakini angalau wana kitu cha kulalamikia. Kibarua hana.

Mwigizaji wetu wa kawaida ni kibarua wa kuchuma. Sura na sauti yake ni majani mabichi: hulipwa kwa siku aliyosimama mbele ya kamera, na mchezo ukirudiwa mara mia yeye hayumo katika hesabu. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamtambua kuwa na haki juu ya uigizaji wake, na kipo chama cha kukusanya malipo kwa niaba ya wasanii. Lakini aghalabu karatasi aliyoitia sahihi siku ya kwanza, akiwa na njaa na furaha, ndiyo huamua. Mutua alikataa kubaki kwenye mizani. Aliandika, kisha akawa na sehemu yake katika kiwanda.

Kuna watakaosema kwamba nasifu kupita kiasi. Ni kweli kwamba si kila mwigizaji ni mwandishi, kama vile si kila mchumaji atapata shamba. Mwandishi wa televisheni naye huajiriwa na hufukuzwa. Tena hiyo YouTube yenyewe ni kiwanda cha watu wengine, kilicho mbali kuliko Mombasa, na bei ya majani huko hupangwa bila kumwita mkulima mkutanoni. Mutua pia alikuwa Nairobi, karibu na studio na karibu na wenzake. Kijana wa Litein hana hayo.

Hata hivyo jambo limebadilika tangu enzi za Ojwang', na ndilo lililonikosesha usingizi. Zamani hasara ya mwigizaji ilikuwa kulipwa mara moja tu. Sasa anaweza kuondolewa kabisa kazini na sauti yake ikabaki. Mwaka 2023 waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani waligoma kuanzia Mei hadi Septemba, na waigizaji wakagoma kwa siku 118, na moja ya sababu kubwa ilikuwa mitambo hii inayojifunza sura, sauti na maandishi ya watu kisha inatoa nyingine zinazofanana. Mei ya mwaka huo huo, huku kwetu Kericho, mashine za kuchuma chai zilichomwa moto mashambani na mtu mmoja akapoteza maisha. Sisemi mambo haya mawili ni sawa. Lakini mama wa kijana huyu alikuwa mchumaji kabla mashine haijaingia katika shamba lao. Anajua maana ya kuambiwa usirudi Jumatatu. Na mashine ya chai, pamoja na ubaya wake wote, haikutengenezwa kwa mikono ya mama mwenyewe. Hii ya sauti itatengenezwa kwa koo la mwanawe.

Kuna jingine, nalo nimelibeba moyoni kwa miaka. Mtu wa kwetu katika michezo ya televisheni ni nani? Ni bawabu, ni askari, au ni mkimbiaji wa mbio ndefu. Anasema maneno machache, kwa lafudhi ya kuchekesha, kisha anatoka. Mimi hucheka, sikatai, kwa kuwa lafudhi hiyo ninayo mwenyewe. Lakini yule mama mzee wa kijana wangu, anayegombana na karani wa mizani, ana maneno mengi na yana mantiki. Anajua kilo zake, anajua bei ya mwezi uliopita, na katika ugomvi ule karani ndiye anayeshindwa. Mchekeshaji aliyeajiriwa hawezi kumleta mama huyo kwenye televisheni, maana hachagui maneno yake. Mwandishi anaweza. Na akiuza sauti yake kwa kifungu cha kumi na moja, kesho mama huyo huyo atakuwa akitangaza lolote atakalopewa, pengine hata mashine ya kuchuma chai.

Kijana aliporudi juzi nilimweleza niliyoyapata. Kwamba Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, inapozitaja alama za mwili, inautaja pia utambuzi wa sauti, kwa hiyo sauti ya mtu si kitu cha kuokotwa. Kwamba asitie sahihi kabla ya kumwonyesha wakili, na kwamba aombe kifungu kile kifutwe na malipo yafanywe kwa kila muda wa matumizi. Na kwamba ayaandike maneno ya mama mzee, yote, kwenye daftari, kwa jina lake na tarehe.

Alinisikiliza kwa heshima. Kisha akaniambia jambo ambalo nilikuwa sijalifikiria: fedha zile ni karo ya muhula mzima ya dada yake, na shule inafunguliwa baada ya wiki tatu. Wakikataa kukifuta kifungu hicho, karo itatoka wapi?

Sikuwa na jibu, na silo hadi leo. Barua ya kuomba kifungu kifutwe tuliiandika pamoja, ikatumwa Jumatatu. Daftari amelianza, kurasa sita, kwa Kiswahili chenye Kikipsigis ndani yake, naye ameniachia nilisahihishe. Nimesahihisha nukta na herufi kubwa. Maneno ya mama sikuyagusa.