Barua Yenye Muhuri: Mtoto Anapoonewa Shuleni, Mzazi Aanzie Wapi?

Miaka michache iliyopita nilimtibu mara tatu mvulana wa miaka 11 kutoka upande wa Ukerewe, na mara mbili kati ya hizo nilikosea. Nimebadilisha mambo machache katika maelezo haya ili asitambulike.

Mara ya kwanza aliletwa na mama yake akilalamika tumbo. Kwa daktari yeyote wa Kanda ya Ziwa, tumbo la mtoto wa kisiwani huwa na jina hata kabla mgonjwa hajaketi: kichocho. Choo kilipimwa, mayai ya kichocho yakaonekana, nikampa prazikwanteli. Mara ya pili nilimpa dawa ya kulainisha choo. Mara ya tatu mama alisema, kana kwamba anaomba radhi kwa kunipotezea muda, kuwa jambo la ajabu ni kwamba likizo nzima ya Juni mtoto hakuumwa hata siku moja.

Nilimwomba mama atupishe kidogo. Mtoto alinieleza huku akitazama vidole vyake vya miguu. Wavulana wanne wa darasa la saba walikuwa wakikaa mlangoni mwa vyoo vya shule, na asiyekuwa na shilingi mia mbili alipigwa kwa mkanda au kufungiwa ndani. Kwa hiyo alikuwa akibana haja tangu asubuhi hadi arudi nyumbani. Nilipomgeuza niliona alama mgongoni, mpya juu ya zilizoanza kupona. Mara mbili za mwanzo nilikuwa nimemlaza chali na kumpapasa tumbo. Mgongo sikuutazama.

Mama alipoelezwa, aliuliza swali ambalo nimelisikia mara nyingi tangu siku ile: “Daktari, sasa niende polisi, au nimhamishe shule?” Wazazi wengi wanazijua njia hizo mbili, pamoja na ya tatu ambayo hawaitaji mbele ya daktari, yaani kupokea fedha kidogo kutoka kwa wazazi wa mkosaji na kuyamaliza. Maoni yangu ni kwamba sheria ina nafasi pana kuliko hizo tatu, na kwamba mara nyingi inaanzia kwenye karatasi, kabla ya kituo cha polisi.

Mzazi asitafute kwanza kifungu chenye jina la “uonevu shuleni”. Sheria hutazama matendo: kupiga, kujeruhi, kutishia, kupora, kudhalilisha. Aanze na Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009. Kifungu cha 9 kinampa mzazi wajibu wa kumlinda mtoto dhidi ya ukatili, ubaguzi na uonevu. Kifungu cha 13 kinakataza mtu yeyote kumtesa mtoto au kumtendea kwa namna ya kinyama au ya kumdhalilisha, na anayevunja masharti ya sehemu hiyo ya Sheria anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Kifungu cha 94 kinaipa mamlaka ya serikali ya mtaa jukumu la kulinda ustawi wa watoto katika eneo lake. Kifungu cha 95 hakisemi na mzazi peke yake, kwani kinamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka hiyo. Muuguzi wa zahanati ni mwanajamii. Mimi pia, siku nilipouona mgongo ule.

Ndiyo maana nasisitiza barua. Malalamiko ya mdomo kwa mwalimu wa darasa, yakitolewa getini saa moja asubuhi, hayana tarehe wala shahidi, na mwalimu mwenye watoto mia moja darasani huyasahau bila nia mbaya. Barua iandikwe kwa mwalimu mkuu, au kwa mkuu wa shule ikiwa ni sekondari. Ieleze nini kilitokea, lini, wapi, nani walikuwepo, na mzazi anaomba nini kifanyike. Iwe na nakala mbili, na ya mzazi igongwe muhuri wa kupokelewa. Tangu dakika hiyo shule haiwezi kusema haikujua. Ikikaa kimya, nakala iende kwa kamati ya shule na kwa afisa elimu kata, kisha kwa afisa elimu na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Shule binafsi nayo haiko nje ya mkono wa Serikali: wadhibiti ubora wa shule wanaikagua kama nyingine. Mzazi asiyeweza kufika ofisini anaweza kupiga simu ya bure ya huduma kwa mtoto, namba 116.

Je, polisi? Pale penye jeraha, kitisho kikubwa au uporaji, ndiyo, na mlango wa kuingilia ni Dawati la Jinsia na Watoto. Hapo mzazi hupewa Fomu ya Polisi Na. 3, ile tuiitayo PF3, ailete hospitali ijazwe. Mtoto anayevuja damu au aliyepoteza fahamu atibiwe kwanza, fomu itamkuta wodini. Hata hivyo mzazi ajue mipaka ya njia hii. Kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu, mtoto aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kijinai kabisa, na aliye chini ya miaka 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa tendo lake halifai. Waliozidi umri huo hupelekwa Mahakama ya Watoto, na Sheria ya Mtoto inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Mzazi anayetarajia kumwona kijana wa darasa la saba akienda gerezani atarudi nyumbani amekata tamaa, na pengine akidhani mahakama imehongwa. Sheria inataka arekebishwe, nami naona ni sawa.

Kuna jambo moja ambalo halingoji barua. Uonevu ukigusa mwili wa mtoto kwa njia ya kingono, hata kama watendaji ni wanafunzi wenzake, mzazi aende hospitali na polisi siku hiyo hiyo, asimwogeshe mtoto wala kufua nguo zake. Dawa za kukinga maambukizi ya VVU hufaa zikianza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Jambo hilo lisimalizwe kwa mbuzi wala kwa fedha. Nimeona wazee wenye heshima zao wakikaa chini ya mwembe kupatanisha familia mbili huku saa hizo zikiyoyoma, na aliyetendewa hayupo kwenye kikao.

Uonevu wa kupitia simu nao una sheria yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza ujumbe unaotumwa kwa nia ya kutisha, kusumbua au kumtesa mtu kihisia. Mzazi asiufute ujumbe huo kwa hasira.

Mzazi anaweza pia kudai fidia. Mtoto hufungua shauri la madai kupitia mtu mzima anayemwakilisha, kwa kawaida mzazi wake, na hoja kuu huwa kwamba shule ilijua, au ilipaswa kujua, ikazembea. Kwa shule ya umma lazima kwanza itolewe notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe. Ni safari ndefu, na sishauri ianzwe bila mwanasheria. Asiye na uwezo asione aibu kuomba msaada: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, na ofisi ya ustawi wa jamii inaweza kumwelekeza walipo.

Sasa niseme nasi tulio upande wa pili wa meza. Sheria ya Ushahidi, baada ya marekebisho ya mwaka 2016, inamruhusu mtoto wa umri usiozidi miaka 14 kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi mahakamani kusema kweli. Lakini neno la mtoto husimama vizuri zaidi likiwa na maandishi yetu pembeni, na maandishi yetu, wenzangu, ni aibu. “Amepigwa.” “Majeraha ya kawaida.” PF3 ya namna hiyo ni zawadi kwa upande wa utetezi. Tuandike jeraha liko wapi, lina urefu wa sentimita ngapi, rangi gani, ni jipya au la zamani. Maneno ya mtoto yaandikwe kama alivyoyasema, bila kuyapamba. Na mtoto mwenye tumbo, kichwa au kikojozi kisichoelezeka aulizwe, mzazi akiwa nje: shuleni ni nani unamwogopa?

Jibu lake wakati mwingine huwa ni mwalimu. Hatuwezi kulikwepa hilo katika kanda hii. Agosti 2018 mwanafunzi wa Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, alifariki baada ya kupigwa akituhumiwa wizi wa pochi ya mwalimu, na Machi 2019 Mahakama Kuu ilimtia mwalimu mmoja hatiani kwa mauaji. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinaweka kikomo cha viboko vinne, kwa mkono wa mkuu wa shule au mwalimu aliyemkasimu kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kwenye daftari. Mzazi anaweza kuuliza kama iliandikwa. Kwangu mimi hata hivyo vinne ni vingi: shule inayowachapa waonevu mbele ya paredi imewathibitishia kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki.

Mama wa yule mvulana hakuwa mwepesi wa kuandika. Msaidizi wa kisheria wa kata yake alimwandikia barua, nami nikaambatanisha taarifa ya kitabibu ya ukurasa mmoja. Mwalimu mkuu, mama mtu mzima, aligonga muhuri bila ubishi na kuita kamati. Wazazi wa wale wanne walifika, na ikajulikana kwamba mmoja wao alikuwa akishinda usiku kwenye mitumbwi ya dagaa, akichapwa kila aliposinzia. Afisa ustawi wa jamii alifungua jalada la watoto wawili, si mmoja. Mwalimu wa zamu akapangiwa kusimama karibu na vyoo saa ya mapumziko.

Mtoto aliletwa tena baada ya miezi miwili. Tumbo lilikuwa limetulia, na safari hii nilianza na mgongo. Nilipofungua faili lake kuandika, ziara mbili za mwanzo bado zilisomeka kwa mwandiko wangu: “Maumivu ya tumbo. Arudi baada ya mwezi mmoja.”