Joto la Dunia na Mvua ya Durban



Hatujaisahau Ramadhani ya mwaka 2022, pale mvua ya tarehe 11 na 12 Aprili ilipoporomosha vilima vya Durban na kuua watu zaidi ya 400. Je, moshi wa viwanda na magari unahusika? Wataalamu walioichunguza walikadiria kwamba ongezeko la joto duniani limefanya mvua ya namna ile iwe rahisi kutokea takriban maradufu.

Ila swali zito liko nyuma yake: hewa ya ukaa ikiongezeka maradufu angani, joto litapanda kiasi gani? Arrhenius wa Sweden alikokotoa kwa mkono mwaka 1896, akapata nyuzi 5 hadi 6. Wanasayansi wa Marekani mwaka 1979 wakataja 1.5 hadi 4.5, na kwa miaka 40 makadirio hayo hayakusogea sana. Kizuizi kikubwa ni mawingu (nani angedhani!): mengine hutukinga na jua, mengine huifunika dunia kama blanketi. Jopo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2021, lilikadiria nyuzi 3, yumkini kati ya 2.5 na 4.

Pengo hilo tusilidharau. Kila nyuzi moja huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, na mvuke huo ndio mvua inayowashukia wenye vibanda kingoni mwa mito yetu.