Anayemaliza mekanika atuonyeshe injini aliyojitengenezea

Kila mwaka shule za ufundi za Goma, Bukavu, Butembo na Bunia zinatoa vijana wenye diploma ya mekanika. Wengi wao wanajua kuchora injini ubaoni, wanataja vipande vyake vyote kwa Kifaransa, na mtihani wa serikali wameupita vizuri. Lakini mpe mmoja wao kipande cha shaba ya njano, umwombe akichonge kiwe pistoni inayoingia sawasawa katika silinda, utaona anakuangalia kama mtu aliyeombwa kushusha mwezi. Hilo si kosa lake. Hakuna mtu aliyewahi kumwomba kazi ya namna hiyo.

Maoni yangu ni haya: asiwepo mwanafunzi anayepewa diploma ya mekanika kabla hajatengeneza, kwa mikono yake mwenyewe, injini moja ndogo inayozunguka kweli. Ndogo kiasi gani? Ya kushikwa kwa mkono mmoja. Haitavuta gari wala haitasaga mahindi. Izunguke tu, mbele ya watu.

Najua kuna msomaji atakayesema: katika hali hii ya vita, watu wakikimbia na magodoro kichwani, wewe unatuletea habari za vitu vya kuchezea? Ni swali la haki. Lakini tuangalie kinachotokea mashine ya kusaga inapokufa kijijini. Mara nyingi kilichoisha ni kipande kimoja tu, pete ya chuma isiyozidi urefu wa kidole. Basi mwenye mashine anatuma pesa Kampala, au anasubiri mfanyabiashara atakayerudi kutoka Dubai. Barabara ikifungwa, mashine inalala, na mama anarudia kutwanga mihogo kwa mikono. Fundi tunaye, tena mwenye diploma. Anajua kufungua na kubadilisha, ila hawezi kutengeneza kile kinachokosekana. Kati ya kubadilisha na kutengeneza kuna umbali mkubwa sana, na injini ndogo ndiyo shule ya kuuvuka.

Wale tunaowaona leo kama matajiri wa magari walipitia njia hiyohiyo. Tarehe 24 Desemba 1893, mjini Detroit, Marekani, Henry Ford alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya umeme, na nyumbani alikuwa na mtoto wa wiki chache. Injini yake ya kwanza ya petroli aliifunga kwenye sinki la jikoni. Silinda yake ilikuwa kipande cha bomba la gesi. Gurudumu lake zito alilitoa kwenye mashine ya zamani ya kukereza. Cheche za kuwasha alizipata kwenye umeme wa nyumba. Mke wake, Clara, ambaye alikuwa akitayarisha chakula cha Noeli, aliombwa aache sufuria zake amwage petroli kidogo kidogo. Ikawaka, ikazunguka. Gari lake la kwanza lilikuja mwaka 1896, karibu miaka miwili na nusu baadaye. (Sijui mke gani wa Goma angekubali petroli jikoni siku ya Noeli. Simshauri mtu.)

Kwa shule zetu sipendekezi petroli. Kuna injini rahisi zaidi, ambayo watu wa Ulaya wanaofanya ufundi huu nyumbani huwapa wanaoanza: injini ya silinda inayoyumba. Haina vali hata moja. Silinda imeegemea kibao cha chuma kilichosawazishwa vizuri, na springi inaikandamiza hapo. Kibao kina matundu mawili, moja la kuingizia upepo, jingine la kuutolea. Silinda ina tundu moja. Mkono wa pistoni umeshika moja kwa moja pini ya gurudumu, kwa hiyo gurudumu likizunguka, silinda inayumba kulia na kushoto. Ikiyumba upande huu, tundu lake linakutana na tundu la kuingizia, na upepo unasukuma pistoni. Ikiyumba upande wa pili, linakutana na lile la kutolea, na upepo uliotumika unatoka. Ni hivyo tu. Inaweza kwenda kwa mvuke, lakini hata upepo wa kompresa ya yule anayejaza mipira ya pikipiki barabarani unatosha.

Rahisi kuelezea, lakini mwanafunzi ataona moto wake mbele ya mashine. Pistoni ikibana, haiendi. Ikilegea, upepo unapita pembeni na gurudumu linabaki kimya. Nafasi inayotakiwa ni sehemu chache za mia za milimita moja, yaani chini ya unene wa unywele wa kichwa chako. Matundu ya kibao yakikosewa kidogo tu, upepo unaingia wakati wa kutoka. Hapo huwezi kumdanganya mwalimu, huwezi kunakili kwa jirani, na bahasha ya mzazi haisaidii. Ama inazunguka, ama haizunguki. Ninaomba wazazi waifikirie vizuri sababu hiyo, maana tunajua jinsi pointi nyingine zinavyopatikana.

Isitoshe, kitu kidogo kinafundisha mambo ambayo kikubwa kinayaficha. Katika majira ya baridi ya 1763 hadi 1764, fundi wa vyombo katika Chuo Kikuu cha Glasgow, James Watt, alipewa mfano mdogo wa injini ya mvuke ya Newcomen ili autengeneze. Aliutengeneza, lakini pistoni yake ikawa inapanda na kushuka mara chache na kusimama, kwa sababu ya kumaliza mvuke. Watt akajiuliza kwa nini. Akaona kwamba silinda inapashwa moto na kupozwa kila mara, na kwamba silinda ndogo inapoteza joto zaidi kuliko kubwa ukilinganisha na ukubwa wake. Kutokana na swali hilo, mwaka 1765 alipata wazo la kupozea mvuke katika chombo cha pembeni, na hati ya uvumbuzi akaipata mwaka 1769. Mfano ule bado umetunzwa Glasgow.

Watasema hatuna vifaa. Kwa sehemu ni kweli. Lakini nimeingia katika shule moja, sitaitaja, ambayo mashine yake ya kukereza vyuma, ile ambayo mafundi wetu wanaiita "tour", imefunikwa na bashe miaka na miaka. Wanafunzi wanaonyeshwa siku ya wageni, kisha inafunikwa tena, "isije ikaharibika". Mashine isiyokereza imekwisha kuharibika tayari.

Na umeme? Jarida la Kiingereza la mafundi wa nyumbani, The Model Engineer, lilianza mwaka 1898. Wakati ule wengi walikuwa na mashine za kukanyaga kwa mguu, kama cherehani ya mshonaji wa sokoni. Mafundi wetu wanayeyusha aliminyumu chakavu na kumimina sufuria. Watu hao hawawezi kushindwa kumimina kibao cha injini. Gurudumu zito litatoka kwenye gia iliyokufa ya pikipiki. Na sisi ndio watu wa chukudu, tulioweka hata sanamu yake katikati ya Goma. Hakuna mzungu aliyetuletea mchoro wake.

Kwa hiyo ninawaomba wakuu wa shule na wainspekta wasingoje barua kutoka Kinshasa. Kuanzia mwaka wa tano, kila mwanafunzi, msichana na mvulana, apewe mchoro na miezi ya kutosha. Mwenye garaji anayetafuta mfanyakazi aulize injini kabla ya kuuliza karatasi. Na siku moja kabla ya mitihani, wazazi wanaolipa minervali waitwe uwanjani, kompresa iwekwe juu ya meza, na kila mtoto aje na ya kwake, aunganishe mpira wa upepo, afungue. Zisizozunguka zirudi atelye, na mwenyewe abaki nayo mpaka aone upepo unapotea wapi.