Kura ya Aliyeshindwa Haiendi Bure

Kila uchaguzi uishapo husikika watu wakisema, "Nilimpigia fulani, akashindwa, kura yangu imekwenda bure." Hata humu bwenini husemwa hivyo, na sisi tunaokaribia miaka 18 twaweza kuyameza maneno hayo, tukaja kukaa nyumbani siku ya kura. Mimi nayapinga, na hesabu za uchaguzi wa wabunge wa mwaka 2010 zanitosha.

Mwaka ule majimbo yalikuwa 239. CCM ilipata 186, CUF 24, CHADEMA 23, NCCR-Mageuzi 4, TLP na UDP moja moja. Huku kwetu, CHADEMA ilichukua Iringa Mjini kwa Mchungaji Peter Msigwa, na Mbeya Mjini kwa Bwana Joseph Mbilinyi, yule mwanamuziki aitwaye Sugu. Tena Mbozi Magharibi, ambayo siku hizo ilikuwa mkoani Mbeya.

Je, aliyeipigia CHADEMA kule Makete, au CCM pale Mbeya Mjini, alipata nini? Jimboni hakupata kitu. Utaratibu huu tuliurithi kwa Waingereza, nao ni mkali: anayeongoza hata kwa kura moja huchukua jimbo zima. Huko kwao mwaka 2024 chama cha Labour kilipata kama theluthi moja ya kura, na viti zaidi ya 400 kati ya 650!

Lakini iko hesabu ya pili, ambayo wengi hawaitazami. Katiba yataka wanawake wasipungue asilimia 30 ya wabunge, na viti maalum vyao hugawiwa vyama kwa kadiri ya kura za ubunge walizopata nchi nzima, mradi chama kimefikisha asilimia 5. Mwaka 2010 viti hivyo vilikuwa 102: CCM 67, CHADEMA 25, CUF 10. Tazameni! CUF yenye majimbo 24 ilipewa 10, na CHADEMA yenye 23 ikapewa 25. Majimbo mengi ya CUF yalikuwa Zanzibar, ambako jimbo lina watu wachache. Kura za CHADEMA zilikusanywa kote Bara, pamoja na zile za wagombea wake walioshindwa. Kwa viti hivyo ndipo ikawa chama kikuu cha upinzani Bungeni. Kura ya Makete ilifika Dodoma kwa njia nyingine.

Hesabu hiyo, hata hivyo, yahitaji vyama viwemo uwanjani. Mwaka 2020 CCM ilichukua majimbo 256 kati ya 264, na wapinzani wakubwa wakayakataa matokeo. Mwaka 2025 CHADEMA haikuwamo kabisa. Mpenzi wa chama kisichokuwamo katika karatasi hana hesabu ya kwanza wala ya pili.

Katika mdahalo wetu mwenzangu mmoja aliuliza: mbona majina ya akina mama wa viti maalum hayamo katika karatasi ya kura? Swali lake ni la haki, maana twampigia mtu mmoja na kumpeleka Bungeni mwingine tusiyemjua. Kwa maoni yangu, kila chama kingelazimishwa kubandika orodha yake kwenye ofisi za kata, majuma mawili kabla ya siku ya kura, ili mama zetu vijijini waisome na kuuliza maswali mapema.