Mlango Ulikuwa Wazi

Bado kuna watu wananiambia eti Uingereza ikishatoa notisi ya kujitoa Umoja wa Ulaya, haikuwa na njia ya kurudi. Si kweli. Tarehe 10 Desemba 2018, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilisema nchi inaweza kuifuta notisi yake ya Kifungu cha 50 bila kuomba ruhusa ya wenzake, mradi haijatoka. Uingereza ikatoka 31 Januari 2020. Mimi niliacha chuo; najua tofauti ya kughairi barua na kuomba nafasi upya. Sasa imebaki Kifungu cha 49: kupanga foleni kama mgeni, mpaka kila mwanachama akubali. Sheria haikuwafungia mlango. Wanasiasa waliogopa kugeuka, kisha uoga wao wakauita sauti ya wananchi.